Nilisingizia Chemchemi

Hakuna chemchemi chini ya nyumba ya Mwalimu. Haijawahi kuwapo. Nalisema hili hadharani kwa sababu hata uongo wenyewe niliusema hadharani: mbele ya majirani zake, mbele ya dalali wa viwanja, na siku moja mbele ya kasisi aliyekuja kumjulia hali. Wote waliondoka wakiamini. Maji yaliyokuwa yakilowesha sakafu yake pale Embu yalitoka kwenye paipu ya maji moto niliyoilaza mwenyewe, katika elbo niliyoichoma mwenyewe, chini ya skridi, lile tabaka la simiti la kusawazisha sakafu, niliyoacha imwagwe kabla ya kupima.

Mimi ni fundi wa bomba. Nina cheti cha gredi ya pili cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, na riziki yangu iko kwenye barabara ile ya Embu kwenda Meru: leo Runyenjes, kesho Chuka, keshokutwa Nkubu. Watu wa huku hudhani kwamba paipu za moto zinazovuja chini ya sakafu ni matatizo ya Wazungu, wenye nyumba zinazopashwa joto kwa boila. Ni kweli mitambo hiyo hatuna. Baridi ya Julai tunapambana nayo kwa sweta, jiko la makaa na chai. Lakini maji moto chini ya sakafu tunayo tele. Mwaka 2012 serikali ilitoa kanuni zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yawekewe mitambo ya jua, na tangu hapo sola imekuwa fahari ya kila anayejenga. Tangi linakaa juu ya paa, paipu inashuka ukutani, inazama sakafuni, inapita chini ya korido na kuibukia bafuni na jikoni. Ikivuja huko chini, nyumba ya Embu huugua sawasawa na nyumba ya London, na tofauti ni kwamba huku hakuna anayeshuku.

Mwalimu amestaafu. Alifundisha shule za msingi maisha yake yote ya kazi, na nyumba ile aliijenga kwa kiinua mgongo, kwenye mteremko, upande wa mji unaopanda kuelekea mlimani. Nilipewa kazi ya maji yote, safi na taka. Nilifurahi, maana mteja anayelipa kwa wakati na kukuletea uji saa nne hapatikani kila siku.

Siku ya kumwaga skridi stima ilikuwa inarukaruka tangu asubuhi. Mashine ya kuchomea paipu za plastiki za PPR inatakiwa ifike nyuzi 260 za Selsiasi. Paipu ya milimita 20 hukaa kwenye kichwa cha mashine sekunde 5, ya milimita 25 sekunde 7, kisha unaiingiza kwenye elbo moja kwa moja, bila kuizungusha, na kuishika tuli mpaka igande. Hayo nayajua hata usingizini. Lakini stima ikilegea mashine hupoa, nawe ukiwa na haraka hutambui. Plastiki inayeyuka juu juu tu. Elbo ya kwenye kona ya korido ilishika ikiwa imepinda. Haikuutazama ukuta sawasawa. Nikaikamata kwa mikono miwili nikaizungusha mpaka ikakaa, na mikono yangu ikahisi kwamba imekubali kwa shida. Fundi yeyote wa PPR anajua kwamba kiungo kilichozungushwa baada ya kuanza kuganda ni cha kukatwa na kutupwa. Bei ya elbo mpya haikufika hata nauli ya matatu kutoka Embu hadi Runyenjes.

Hilo lilikuwa kosa la mkono, na makosa ya mkono yana dawa yake, nayo ni kupima. Unajaza maji kwenye paipu zote, unatoa hewa, unafunga pampu ya mkono yenye geji, unapandisha presha hadi mara moja na nusu ya ile itakayotumika, kisha unasubiri. Plastiki hutanuka, kwa hiyo sindano hushuka kidogo mwanzoni. Unapandisha tena, na hapo ndipo unapoanza kuitazama kwa makini. Kiungo kibovu kinajitaja chenyewe wakati bado kiko wazi, mbele ya macho yako, na kukirekebisha ni kazi ya dakika chache.

Pampu yangu ya kupimia nilikuwa nimemwazima fundi mwenzangu. Vibarua wa skridi walikuwa wa kulipwa kwa siku, mchanga na simiti vilikuwa vimeshachanganywa, na wingu lilikuwa linakusanyika juu ya Mlima Kenya. Mwalimu akasimama mlangoni akaniuliza, "Fundi, umepima?"

"Nimepima, Mwalimu. Iko sawa."

Skridi ikamwagwa, vigae vikapigwa, Mwalimu akahamia.

Kwa muda mrefu uongo ule haukunidai chochote. Tangi lake la maji lilikuwa kama mita sita juu ya bomba za bafuni, na kwa hesabu ya maji kila mita kumi za kimo hutoa takribani bar moja tu. Kwa presha ya bar 0.6 hata kiungo kibovu kinaweza kuvumilia. Kisha Mwalimu akalalamika kwamba shawa haina nguvu, nami nikamuuzia pampu ya kuongeza presha. Sola yake ilikuwa ya aina inayohimili presha, kwa hiyo hakukuwa na kizuizi. Presha ikapita bar mbili. Mwalimu akafurahi sana. Elbo haikufurahi.

Kilichofuata kilikuwa ushahidi juu ya ushahidi, na mimi nikaugeuza kuwa kazi ya kulipwa. Pampu ya namna ile huwaka presha ikishuka na kuzima ikipanda. Bomba zote zikiwa zimefungwa na watu wamelala, haina sababu ya kuwaka. Ya Mwalimu ikaanza kuwaka usiku: inanguruma kidogo, inanyamaza, baada ya muda inanguruma tena. Alinipigia simu. Nikaja nikabadilisha swichi ya presha, nikalipwa. Haikuacha. Nikabadilisha valvu inayozuia maji yasirudi nyuma, nikalipwa tena. Leo mwanafunzi wangu akiniambia kwamba pampu inawaka usiku watu wakiwa wamelala, namwambia ajue kuna maji yanayotoka mahali, basi, na asiguse kitu kingine mpaka apajue.

Maji ya asubuhi yakawa vuguvugu. Nikasema ni mawingu, Mwalimu, unajua Juni mpaka Agosti mlima huu haulioni jua. Hilo lilikuwa kweli nusu, na nusu ya kweli ndiyo inayouza uongo. Akaanza kuwasha koili ya umeme iliyomo kwenye tangi, bili ya stima ikapanda. Bili ya maji nayo ikapanda, nami nikailaumu mita. Nilikuwa na la kumwambia: kwa miaka mingi ripoti za WASREB, mdhibiti wa huduma za maji, zimeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji nchini hupotea au hayalipiwi, basi nikamtajia habari hiyo kana kwamba inahusu korido yake. Hesabu ya kweli ilikuwa rahisi mno. Uvujaji wa nusu lita kwa dakika, mchuruziko ambao usingejali kuufunga jikoni, ni lita 720 kwa siku. Kwa mwezi ni zaidi ya yuniti 21. Familia ndogo haiwezi kunywa, kuoga na kufua kiasi hicho cha ziada bila kujua.

Kulikuwa na dalili nyingine, na hii ndiyo inayoniuma zaidi kwa sababu ilitoka kwa mtoto. Mjukuu wake alipenda kusomea koridoni wakati wa baridi, amekaa chini, mgongo ukutani. Alipoulizwa akasema pale sakafu ina joto. Mwalimu aliniambia tukacheka. Nikasema vigae vinashika jua la mlangoni. Mlango ule uko chini ya veranda, na jua la Julai lilikuwa nadra kuonekana hata barabarani.

Mwishowe unyevu ukatokea, lakini haukutokea koridoni. Ulitokea chumba cha kulala cha pembeni, kile kilicho upande wa juu wa mteremko. Rangi ya ukuta ikabambuka kwa chini, kuvu ikapanda, kabati la nguo likavimba miguu. Mchwa, ambao hupenda mbao zenye unyevu, wakaingia kwenye fremu ya mlango. Nikaitwa. Nikatoa tindo na nyundo, nikavunja vigae palipolowa zaidi. Skridi ya chini ilikuwa imeshiba maji, na shimo likaanza kujaa polepole mbele yetu. Paipu hapana. Chumba kile hakina bomba hata moja. Mimi ndiye niliyechora njia za paipu za nyumba ile. Nikainuka, nikajipangusa mikono, nikasema: "Mwalimu, haya ni maji ya ardhini. Nyumba yako imekaa juu ya chemchemi."

Uongo ule uliaminika kwa sababu mahali penyewe panaukubali. Mlima Kenya unatiririka pande zote. Rupingazi inapita Embu, Kathita inapita Meru, na ukisafiri katikati ya miji hiyo miwili unashuka na kupanda mabonde ya Thuci, Nithi na mengine mpaka masikio yanaziba. Kila mtu huku anajua shamba lenye jicho la maji, au anamjua mtu aliyejenga mahali mababu walipokatazwa kujenga. Nilipotamka neno chemchemi jirani mmoja akaitikia kwa kichwa akasema marehemu babu yake alikuwa akinywesha ng'ombe hapo karibu. Sikumwomba aseme hivyo. Alinisaidia bure.

Sitajitetea kwamba sikujua. Nilishuku. Saa ile ile maneno yalipokuwa yakinitoka niliiona elbo ya koridoni mbele ya macho yangu, imepinda, nami naizungusha. Kama ningesema, "Mwalimu, nipe siku moja nipime paipu zangu," mambo yangeishia hapo. Lakini kupima kungekuwa kukiri kwamba sikupima.

Na palikuwa na swali ambalo fundi mkweli angejiuliza: mbona maji yanatokea mbali na paipu? Jibu lake halina uchawi. Maji yakivuja chini ya skridi hayapandi juu palipovuja. Yanateleza katikati ya skridi na slabu ya chini, yakitafuta palipo chini zaidi, na yanaweza kupita vyumba viwili kabla ya kupata ufa wa kutokea. Mwashi wa nyumba ile hakushika levo vizuri. Slabu ililalia kidogo upande wa mlimani, upande ambao hakuna ambaye angeutarajia. Maji yaliondoka koridoni yakiwa ya moto, yakafika chumbani yamepoa, yakatokea upande wa mlima, baridi, safi. Chemchemi kamili. Na yale yaliyopenya ufa wa slabu yalimezwa na udongo wetu mwekundu, ambao ni wa kina kirefu na hunyonya maji bila kulalamika. Kwenye udongo mweusi wa Mwea nyumba ingekuwa imeshapasuka kwa kuinuliwa. Huku Embu unaweza kuvujisha msimu mzima na uani pakawa pakavu.

Nikashauri mtaro. Tulichimba upande wote wa juu wa nyumba, kina cha kufika kifuani mwa mtu, tukaweka paipu yenye matundu na kokoto ili kuikata chemchemi kabla haijafika kwenye msingi. Mwalimu alichukua mkopo kwenye sako. Mtaro ukapeleka maji ya mvua ya Aprili, na mvua ilipokatika ukakauka kabisa. Chumba hakikukauka. Januari na Februari, miezi ambayo vijito vidogo vya kweli hupungua, ukuta ule ulilowa vilevile kama Mei. Nikasema chemchemi imepitia chini zaidi. Nilipokumbuka sentensi hiyo baadaye niliona haya kuliko kwa uongo mwingine wote, kwa sababu mwanamke aliyewafundisha watoto sayansi alinitazama kwa muda, kisha akaamua kuniamini.

Halafu kiwanja. Kando ya nyumba Mwalimu ana ploti ya futi 50 kwa 100 aliyotaka kuiuza amlipie mjukuu karo. Mnunuzi alikuwa amepatikana na bei imekubaliwa. Akasikia habari ya chemchemi, akaja na dalali wake, wakaniuliza mimi, fundi wa nyumba. Nikawaambia yale yale. Nilikuwa nimeshayasema mara nyingi kiasi kwamba yalitoka bila shida. Mnunuzi akajitoa.

Kilichonifungua macho ni kazi ya Meru. Mzee mmoja wa Makutano aliniita, bili imepanda na pampu inawaka usiku. Mzee huyu alifanya kazi miaka mingi kwenye boila ya kiwanda cha majani chai. Viwanda hivyo huchoma kuni kupata mvuke, na mvuke ndio unaopasha hewa ya kunyausha na kukausha majani. Mtu wa boila huishi kwa kujua kila valvu inafunga nini. Nilipotoa tindo kwenye begi alinizuia. "Irudishe hiyo. Kwanza tufunge."

Tukaanza kwenye mita. Bomba zote zimefungwa, tukakitazama kile kigurudumu kidogo: kinatembea, kinasimama, kinatembea tena, kila boya la tangi la juu linapofungua na kufunga. Kwa hiyo maji yanapotea ndani ya nyumba. Tukafunga valvu ya kuingia kwenye tangi la sola. Pampu ikanyamaza, sindano ya geji ikasimama. Tukaifungua, ikaanza kushuka. Ni upande wa moto, basi, na upande wa baridi hauna kosa. Nusu ya nyumba imetoka kwenye orodha bila kigae kimoja kuvunjwa. Jioni akamwambia binti yake apige deki korido na jikoni kwa kitambaa cha maji kidogo tu, sawasawa kila mahali. Tukakaa kwenye viti tukatazama sakafu ikikauka. Mstari wa paipu ya moto ulikauka kwanza, ukajichora wenyewe kwenye vigae, na karibu na mlango wa jikoni pakatokea duara pana lililokauka kabla ya pengine pote. Usiku, magari yalipopungua barabarani, nikasimamisha fimbo ya chuma pale na kuweka sikio juu yake. Ule mlio hauhitaji kufundishwa.

Tulikata mraba mdogo. Kiungo kilichovuja kilikuwa kiasi cha shubiri moja kutoka katikati ya duara. Kilichomwa na fundi mwingine, nisiyemjua. Na nadhani ndiyo sababu nilikipata upesi: kwa kuwa hakikuwa changu, sikuwa na sababu ya kukikwepa.

Sikwenda kwa Mwalimu mara moja. Nataka hilo nalo lijulikane. Nilirudi Embu na jibu kichwani na nikakaa nalo majuma kadhaa, nikijiambia kwamba labda ya kwake ni tofauti. Nilipokwenda nilisingizia kukagua pampu. Nikafunga valvu ya sola. Pampu ikanyamaza kama ya Makutano. Nikavua viatu nikatembea koridoni kwa miguu mitupu mpaka kwenye kona, mahali mtoto alipopenda kukaa. Joto lilikuwa pale pale. Nikamwita Mwalimu, nikamwomba naye avue malapa akanyage.

Akakanyaga, akanitazama. "Kwa hiyo chemchemi ilikuwa kwenye elbo yako."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na ile siku, ulipima?"

"Sikupima."

Hakupiga kelele. Alikwenda jikoni, akakaa huko kitambo, akarudi akaniambia niandike niliyotenda, kila kitu, kwa sababu yeye hawezi kuzunguka mtaa mzima akieleza. Haya unayoyasoma ni agizo lake.

Sikuichoma upya elbo ile. Nilikata mraba nikaitoa ili aione: upande mmoja plastiki ilikuwa haijashikana, ufa mwembamba usioingia hata ukucha. Paipu yote ya moto ya chini ya sakafu nikaiziba pande mbili na kuiacha huko, nikapitisha mpya juu ya dari na kuivisha sponji ya kuhifadhi joto. Wateja wengi hawapendi hivyo, wanaona fundi anawatia hasara ya paipu nzima kwa ajili ya kiungo kimoja. Lakini PPR hurefuka kwa milimita 0.15 kwa kila mita na kila nyuzi moja ya joto. Paipu ya mita 10 ikitoka kwenye baridi na kupanda nyuzi 40 inataka kurefuka milimita 60. Ikizikwa kwenye skridi haina pa kwenda, na msukumo huo hurudi kila siku kwenye viungo. Elbo yangu ya pili ilikuwa mita chache tu kutoka ya kwanza, imechomwa kwa stima ile ile ya kurukaruka.

Wengine walijifunza haya kwa gharama kubwa kuliko yetu. Kuanzia mwaka 1947 kampuni ya Levitt ilijenga maelfu ya nyumba kule Levittown, karibu na New York, bila vyumba vya chini, na kwa kuwa nchi ile ina baridi kali walizika paipu za shaba ndani ya slabu za zege ili maji moto yapashe sakafu. Watu walitembea peku majira ya baridi. Miaka ilipopita paipu zikaanza kuvuja ndani ya zege, na wenye nyumba wengi waliacha kuzifukuza huko chini wakaweka mfumo mwingine juu ya sakafu. Siku hizi mafundi wa huko wana kamera za kuona joto, na wana gesi ya nitrojeni iliyochanganywa na hidrojeni kidogo, wanaisukuma kwenye paipu tupu na kuinusa kwa mashine inapopenya sakafuni. Vifaa hivyo ni vizuri. Fundi wa Embu au Nkubu asiyekuwa navyo ana geji, valvu, kitambaa cha deki na nyayo zake, na vingemtosha Mwalimu.

Nilimrudishia fedha za swichi, za valvu na za shimo la chumbani. Za mtaro nalipa kidogo kidogo. Chumba kilichukua muda mrefu kukauka, fremu ya mlango ilibidi ibadilishwe. Kiwanja ndicho kilichonishinda. Nilimpigia simu dalali nikamweleza, akacheka akasema mnunuzi alishajenga kwingine. Nimechimba shimo kwenye ploti ile, mita tatu kwenda chini, nikaliacha wazi msimu wa mvua hadi wa kiangazi, na maji hayajaonekana ila ya mvua, nayo yalinyweka. Anayetaka kununua aende akatazame. Ni pakavu.

Sasa nina neno kwa wateja wangu wengine kati ya Embu na Meru, maana Mwalimu hakuwa peke yake. Kuna nyumba ambazo niliwaambia wenyewe kwamba sakafu inatoa jasho, kwamba ni maji ya mlima, kwamba ukuta utakauka mvua zikiisha. Baadhi yao huenda niliwaambia kweli. Sijui ni wapi, kwa sababu sikupima. Usiku wa leo, watu wakishalala, fungeni bomba zote, andikeni namba za mita, na msizisome tena hadi alfajiri. Zikiwa zimesogea, fungeni valvu iliyo chini ya tangi la sola na mrudie usiku wa pili. Kisha nipigieni simu. Nitakuja na pampu ya kupimia, nami sitawatoza.